Mali Bila Daftari: Historia Fupi ya Bendi ya The Smiths



Juma hili tunawaalika tutazame historia ya vijana wanne wa mji wa Manchester, kaskazini mwa Uingereza, waliounda bendi ya muziki wa roki iliyoitwa The Smiths. Bendi hiyo iliishi miaka 5 tu, tangu mwaka 1982 hadi 1987. Kesi iliyotokana nayo ilidumu muda mrefu kuliko bendi yenyewe. Huenda baadhi yenu mkashangaa na kujiuliza tunatafuta nini huko. Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika maisha ya vijana hawa tunaona kwamba kinachopotea si mali peke yake. Udugu nao hupotea.

Manchester ni mji uliokua kwa viwanda vya pamba. Tangu karne ya 19 watu wengi kutoka Ireland walivuka bahari kwenda kutafuta kazi huko, wakaenda na imani yao ya Kikatoliki, wakajenga makanisa na shule. Wazazi wa mwimbaji Morrissey, wa mpiga gitaa Johnny Marr na wa mpiga ngoma Mike Joyce walikuwa wahamiaji wa Kiayalandi. Baba yake Andy Rourke, mpiga gitaa la besi, naye alikuwa na asili hiyo hiyo. Marr na Rourke walifahamiana wakiwa wanafunzi wa shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Augustino, wakajifunza kupiga magitaa pamoja tangu utotoni. Tukumbuke jambo hili, maana urafiki huo tutaukuta tena mwishoni mwa tafakari yetu.

Vijana hao walikua katika wakati mgumu. Mwaka 1982, chini ya serikali ya Margaret Thatcher, idadi ya watu wasio na kazi nchini Uingereza ilizidi milioni 3, na miji ya viwanda ya kaskazini iliumia kuliko mingine. Morrissey hakuwa na kazi. Aliishi kwa mama yake katika mtaa wa Stretford, akisoma na kuandika. Mwaka huo Marr, kijana wa miaka 18, alimwendea nyumbani kwake, akabisha hodi, na kumwomba washirikiane kutunga nyimbo. Mmoja alikuwa na maneno, mwingine alikuwa na sauti za gitaa. Rourke na Joyce walipojiunga nao, bendi ikakamilika. Jina lake lilitokana na ukoo wa Smith, ulio wa kawaida kuliko koo zote za Kiingereza, ambao maana yake ya asili ni mhunzi. Walitaka jina la watu wa kawaida.

Hatuna budi kueleza pia aina ya muziki wao. Huitwa roki ya indi, na neno hilo lina maana ya kujitegemea. Wakati huo kampuni chache kubwa ndizo zilizotawala biashara ya santuri. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 zikazuka kampuni ndogo ndogo zilizorekodi na kusambaza muziki bila kuwategemea wakubwa hao. Mojawapo ni Rough Trade, iliyoanza mwaka 1976 kama duka la santuri la Geoff Travis katika eneo la magharibi mwa London, na mwaka 1978 ikaanza kutoa santuri zake yenyewe. Katika miaka yake ya mwanzo iliendeshwa kwa ushirika, wafanyakazi wakilipwa mshahara ulio sawa, na mara nyingi faida ikigawanywa nusu kwa nusu kati ya kampuni na wanamuziki. Hii ndiyo nyumba iliyoipokea The Smiths mwaka 1983. Hata hivyo, mkataba na kampuni hiyo ulitiwa saini na watu wawili tu, Morrissey na Marr.

Mafanikio yalikuja upesi. Albamu yao ya kwanza ilitoka Februari 1984, ikashika nafasi ya 2 katika orodha ya mauzo ya Uingereza. Ya pili, ya mwaka 1985, ilishika nafasi ya 1. Ya tatu, The Queen Is Dead ya mwaka 1986, hadi leo huhesabiwa na wengi miongoni mwa kazi bora za muziki wa Uingereza. Vijana waliojiona wapweke na kusahauliwa walisikia katika nyimbo hizo sauti ya mtu anayewafahamu.

Lakini ndani ya nyumba mambo hayakuwa shwari. Meneja wao wa kwanza, Joe Moss, aliondoka mapema, na baada yake hakupatikana meneja aliyedumu. Mzigo wa uendeshaji ukamwangukia Marr, aliyekuwa bado kijana mdogo. Rourke alinaswa na dawa za kulevya, na mwaka 1986 akaondolewa katika bendi kwa muda kabla ya kurudishwa. Katikati ya mwaka 1987 Marr, akiwa amechoka na akiwa na miaka 23 tu, aliaga. Albamu ya nne ilitoka Septemba mwaka huo, wakati bendi yenyewe imekwisha kuvunjika.

Ndipo likaja suala la fedha. Fedha za utunzi wa nyimbo hazikuwa na ubishi: watunzi walikuwa Morrissey na Marr, na haki hiyo ilikuwa yao. Ubishi ulihusu mapato ya kurekodi na ya maonyesho. Wawili hao walichukua asilimia 40 kila mmoja, na Rourke na Joyce wakapewa asilimia 10 kila mmoja. Wakubwa walidai kwamba ndivyo walivyokubaliana tangu mwanzo. Joyce alisema hakukubali kamwe mgawanyo huo. Hapakuwa na karatasi yoyote iliyoandikwa.

Kesi ilifunguliwa mwaka 1989. Rourke, aliyebanwa na shida za fedha, alikubali kupokea pauni 83,000 pamoja na ile asilimia 10, akajitoa. Joyce aliendelea peke yake, na Desemba 1996 Mahakama Kuu mjini London ikampa ushindi. Msingi wa hukumu ulikuwa Sheria ya Ubia ya mwaka 1890: watu wakifanya kazi kwa ubia, na pasipokuwa na makubaliano tofauti, faida hugawanywa sawa kwa sawa. Joyce akastahili robo, na malimbikizo yake yalikuwa takriban pauni milioni 1. Morrissey alikata rufaa, akashindwa mwaka 1998.

Katika rufaa hiyo lilijadiliwa jambo ambalo tungependa mlishike. Ilidaiwa kwamba Joyce aliwahi kupelekewa hesabu zilizoonyesha mgawanyo huo, naye hakupinga. Basi alikuwa ameridhia. Majaji hawakukubali. Kunyamaza kwa mtu aliyepewa hesabu ambazo hakuelezwa maana yake si ridhaa. Ni mara ngapi sisi wenyewe tumesema kwamba fulani alikuwapo na hakusema kitu, tukauhesabu ukimya wake kuwa ndiyo?

Tusiwahukumu upesi Morrissey na Marr. Ndio waliotunga, ndio waliobeba mashaka ya mazungumzo na kampuni. Pengine waliona kweli kwamba wanastahili zaidi, na ubia wenye mafungu yasiyolingana si dhambi. Katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, mwenye shamba aliweza kuwajibu walionung’unika kwa sababu alikwisha kupatana nao ujira asubuhi, kabla jembe halijagusa ardhi. Vijana wa Manchester waliacha mapatano hadi jua lilipokuwa limekwisha kuchwa, na waliopatanisha mwishowe wakawa mawakili.

Fedha zilirudi kwa Joyce, lakini bendi haikurudi. Wanne hao hawakupanda tena jukwaa moja. Marr na Rourke, wale marafiki wa shule, ndio waliosalimika kwa kiasi fulani. Mwaka 2006 Rourke alishiriki kuandaa tamasha mjini Manchester la kuchangia mapambano dhidi ya saratani, na Marr akapiga pamoja naye. Mwaka 2022 walikutana tena jukwaani mjini New York. Tarehe 19 Mei 2023 Rourke alifariki dunia kwa saratani ya kongosho, akiwa na umri wa miaka 59. Kwa kifo chake mlango wa wanne kurudiana ulifungwa moja kwa moja.

Wapendwa, wako kati yetu wanaoendesha duka na ndugu, wanaolima shamba na jirani, na wanaorekodi nyimbo na kwaya. Mara nyingi huona haya kuandika, wakidhani kuandika ni dalili ya kutoaminiana. Historia hii inatufundisha kinyume chake. Daftari lililoandikwa wakati wa kupendana humlinda zaidi yule asiyethubutu kuuliza, na humlinda pia mkubwa asije akajipimia kwa kibaba chake mwenyewe. Kama kuna mwenzetu ambaye ukimya wake tumeuhesabu kuwa kibali, tumwendee juma hili, tumfungulie hesabu, na tumuulize.

Tunawatakia juma lenye amani.