Kazi za Mchana, Nyimbo za Usiku

Jioni moja, nikiwa katika ubeti ambao kwa siku tatu ulikuwa umekataa katakata kuingia katika Kiswahili, niliizima kompyuta nikatoka. Sikuizima kwa hasira. Macho yalichoka, mgongo ulikakamaa, na katika kioo cha ile mashine maneno yale yale yalikuwa yakibadilishana nafasi tu, mfano wa watu wanaogombea kiti kimoja. Nikapita Vuga. Nilipokaribia jengo la Culture nikasikia nyuzi za kanuni zikilinganishwa, nikaingia, nikapewa kiti karibu na mlango.

Mpiga kanuni hana haraka. Chombo chake kina nyuzi zaidi ya 70, zimefungwa tatu tatu, na kila uzi hukazwa kwa ufunguo mdogo hadi zile tatu zisikike kama uzi mmoja. Kwa mtu aliyetoka kwenye mashine inayofungua kurasa 300 kwa kubonyeza kidude, kungojea huko ni adhabu. Lakini baada ya muda nilibaini kuwa nimeacha kutazama saa. Kisha fidla zikaitika, akodiani na dumbaki zikafuata, ikapigwa bashrafu nzima bila ya mtu kufungua kinywa kuimba.

Hapo nikaikumbuka historia ya taarabu kama tulivyozoea kuisimuliwa. Huanza kwa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, na kijana Mohamed Ibrahim aliyepelekwa Cairo kujifunza kanuni ili arudi kumburudisha mfalme. Sikanushi. Misri imo ndani ya muziki huu, na Uturuki pia, maana hata hiyo bashrafu asili yake ni huko, na neno lenyewe lilitufikia kwa njia ya Waarabu. Ila simulizi hiyo hutufanya tuamini kwamba muziki ulishuka ngazi za jumba la mfalme ukatukuta tumekaa barazani, mikono mapajani. Kilichonishughulisha mimi usiku ule ni swali jingine: nani aliuweka hai baada ya hapo, na kwa saa zipi za siku yake?

Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda Ikhwani Safaa, wakalitwaa jina la wale wanazuoni wa Basra wa karne ya kumi. Hawakuwa watumishi wa jumba. Walikuwa wapenzi, na neno hilo nalitumia kwa maana yake kamili: watu waliokusanyika baada ya shughuli zao kwa kuwa waliipenda sauti. Waliimba Kiarabu, lugha ambayo wengi wa waliokuwa wakipita nje ya dirisha hawakuifahamu.

Aliyelifungua dirisha hilo ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba yapata 1880, akapewa jina la Mtumwa, na jina hilo lilikuwa pia hali ya wazazi wake. Aliuza vyungu, akahamia mjini 1911. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku kisheria 1897, na Ng'ambo ilikuwa imejaa watu ambao kwa mara ya kwanza jioni yao ilikuwa mali yao. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu alichokitoa 2001, alizichunguza burudani za watu hao na kuonesha kuwa hazikuwa upuuzi: ngoma, mpira, mavazi na nyimbo ndimo walimojijengea heshima mpya. Nyumbani kwa Siti usiku watu waliimba kwa Kiswahili habari za mji, zikiwemo hukumu za mahakama zilizowauma. Wimbo wa Kijiti unahusu muuaji aliyekimbilia bara, ilhali wanawake waliotoa ushahidi wakaishia kutiwa hatiani wao. Mchana mtu wa Ng'ambo angeweza kunyamazishwa na hakimu. Usiku kisa chake kilitiwa udi na fidla.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Hapa nakiri kwamba siwezi kuishutumu mashine kwa moyo safi. Bila ya mashine sauti ya Siti ingezikwa naye 1950, na ningebaki na wasifu wake alioutunga Shaaban Robert, kitabu kizuri lakini kisichotoa sauti. Tofauti naiona katika namna ya kusikiliza. Gramafoni ilikuwa moja, wasikilizaji kumi. Mmoja akisifu, mwingine akipinga, wa tatu akiomba santuri irudiwe. Mimi humsikiliza Siti kwenye kompyuta, vidude masikioni, huku nasahihisha nukta na mkato. Miaka mingapi nimejiita mpenzi wa taarabu kwa namna hiyo! Aibu ilinishika pale mlangoni, nami ni mtu wa makamo niliyejisomesha mwenyewe na kuzoea kujisifu kwa hilo.

Culture yenyewe imekuwapo tangu 1958, imepita katika Mapinduzi ya 1964 na mabadiliko yaliyofuata, na mazoezi yake bado hutegemea watu wenye kazi nyingine. Jirani yangu wa kiti usiku ule, mwenye fidla, mikono yake ilikuwa na vumbi la mbao. Alikosea mahali pamoja, wakasimama wote, wakarudi mwanzo bila ya kumtazama. Wakarudi tena. Mara ya nne kipande kikapita, naye akatabasamu kama mtoto.

Walipomaliza, kanuni ikafunikwa kitambaa. Yule fundi akaniuliza kama najua kupiga chochote. Nikasema sijui. Akaninyooshea rika, akaniambia nije Jumanne, na nije mapema, kwa sababu viti havijipangi vyenyewe.