Upondo na Ufito

Agosti 2022, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, Nina Kennedy wa Australia alitwaa dhahabu kwa kuvuka mita 4.60. Siku chache kabla, kwenye michezo hiyohiyo, Alphonce Simbu alikuwa ameiletea Tanzania medali ya fedha ya marathoni. Mbio za Simbu tunazisimulia bila kutafuta maneno. Mchezo wa Kennedy bado hatujakubaliana hata jina: huyu ataandika kuruka kwa fimbo, yule kwa mti, mwingine kwa ufito, na wapo wasemao kwa upondo. Mimi niko upande wa upondo, na ushahidi wangu uko Kyela, kando ya Ziwa Nyasa.

Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka na matope na kuyamwaga Ziwa Nyasa, kwa hiyo kwenye midomo yake maji huwa mafupi. Hapo mwenye mtumbwi huweka kafi chini, akasimama, akashusha mti mrefu hadi uguse tope, kisha akaulemea. Mikono inapanda mtini, mmoja juu ya mwingine, na mtumbwi unasogea. Huo mti ndio upondo. Lakini ukitoka Matema kuelekea Ikombe, ambako Milima ya Livingstone inaingia ziwani moja kwa moja, kina kinaongezeka upesi na upondo unakosa pa kusimama. Hauna nguvu yake wenyewe. Nguvu zake zinatoka chini.

Sasa mtazame mrukaji. Anakimbia ameuinua, mwishoni anauteremsha kwenye kisanduku kilichozamishwa ardhini, kina chake sentimita 20. Upondo unagota, unapinda, mbio zote zinahamia ndani yake, na unaponyooka unamrusha juu. Kisanduku kile kikiondolewa, mchezo haupo. Fimbo haifanyi kazi hiyo: ni ya kutembelea, kuchungia au kuchapia, na haijawahi kumbeba mwenyewe. Hata historia inatuunga mkono, maana huko Uholanzi na kwenye mabwawa ya mashariki mwa Uingereza watu walivuka mitaro ya maji kwa miti kama hii kabla haijawa mchezo wa uwanjani.

Ufito nao tusiupoteze. Fundi wa nyumba ya miti anajua: nguzo husimama, fito hulazwa na kufungwa kukingama. Basi ufito ni ule uliolazwa juu, ambao mrukaji hatakiwi kuuangusha. Tukiuita ufito ule wa mkononi, tutasema msichana ameruka ufito kwa ufito, na msikilizaji wa redio hataelewa kilichoanguka ni kipi.

Mwanzi ungependeza, hasa kwa watu wa Kyela na Rungwe wanaoijua mianzi vizuri, na kweli zamani warukaji walitumia mwanzi. Leo ni nyuzi za kioo na kaboni. Kanuni inaruhusu upondo wa kitu chochote na wa urefu wowote, mradi uso wake uwe laini, na neno upondo halikufungi kwenye mti wa aina moja.

Wanaume walianza kuruka hivi kwenye Olimpiki ya 1896. Wanawake walisubiri hadi Sydney 2000, Stacy Dragila wa Marekani aliposhinda kwa mita 4.60. Jumuiya ya Madola iliitangulia Olimpiki kidogo, Kuala Lumpur 1998, ambako Emma George wa Australia alivuka 4.20. Rekodi ya dunia, mita 5.06, ni ya Yelena Isinbayeva wa Urusi tangu 2009. Kusubirishwa zaidi ya karne nzima kunaniuma, na ndiyo maana sipendi watangazwe kwa maneno ya kubahatisha.

Limebaki tendo lenyewe. Kuchomeka ni kudogo mno, kuchimbia kunachelewa. Napendekeza kukita. Mtangazaji aseme: amekita upondo, umepinda, umemnyanyua, ufito umetikisika, haukuanguka.