Kalamu ya Fundi: Mafunzo ya Kilosa na Mikumi

Kilosa ni mji ulioketi chini ya milima ya Usagara, kando ya mto Mkondoa. Na Mikumi iko kusini yake, pale barabara kuu ya kwenda Iringa inapotoka katika Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Msafiri apitaye kwa haraka huona mashamba ya mkonge, reli na makundi ya wanyama, kisha akaendelea na safari yake. Lakini nchi hiyo ina habari zenye manufaa makubwa kwa kundi la mafundi ambao hata jina lao bado ni geni katika lugha yetu, nao ni watengenezaji wa programu za kompyuta.

Mafundi hao, kama mafundi wa kila zama, huulizana ni kitu gani kitakachowakuza katika kazi yao. Wengi hujibu kwamba ni kujifunza lugha mpya ya kompyuta, au kupata cheti kingine juu ya vile walivyo navyo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba liko jibu lingine, tena la kale kuliko kompyuta yenyewe, nalo ni kuandika: fundi aieleze kazi yake kwa maneno yaliyo wazi, hata mtu asiyemjua wala kumwona aweze kuitumia, kuirekebisha na kuiendeleza. Wapo waogopao kufanya hivyo. Husema kwamba siri ya ufundi ndiyo ngao ya fundi, na akiiandika atakuwa ameigawa riziki yake kwa wengine. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, na historia ya Kilosa na Mikumi yaweza kutusaidia kuipima.

Tuanze na zama za misafara. Katika karne ya kumi na tisa njia itokayo Bagamoyo kwenda Mpwapwa na Unyamwezi ilipanda kwa bonde la Mkondoa. Viongozi wa misafara walikuwa wenye elimu kubwa: walijua maji yalipo, mto unapovukika, hongo ya kila mtawala, na mwendo ambao mpagazi mwenye mzigo aweza kuuhimili kwa siku. Elimu hiyo waliichukua vichwani mwao, na sehemu kubwa ilizikwa pamoja nao. Wazungu waliowafuata waliandika vitabu vya safari, na majina yaliyobaki katika ramani na maktaba ni ya wale waliofuata, si ya wale walioongoza.

Wachache wa pwani waliandika. Mmoja wao ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Aliandika habari za safari yake ya Udoe na Uzigua, kisha akawa mwandishi mkuu wa kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapwa Göttingen mwaka 1903. Lakini jina lililowekwa juu ya kitabu lilikuwa la Carl Velten, mwalimu wa Kijerumani aliyeyakusanya maandishi yale. Mwaka 1905 Mtoro aliondoka katika kazi ya ualimu baada ya kudhalilishwa na wanafunzi kwa ajili ya rangi yake. Ilipotoka tafsiri ya Kiingereza mwaka 1981, miaka sabini na minane baada ya chapa ya kwanza, ndipo jina lake lilipowekwa mbele kama ilivyostahili.

Katika habari hiyo mna mambo mawili ya kushika. La kwanza ni kwamba Mtoro anakumbukwa kwa sababu aliandika. Viongozi wa misafara waliomzidi kwa kujua njia hawakumbukwi. La pili ni kwamba kalamu yake haikumlinda na dhuluma ya zama zake, na kazi yake ilitangulia kutembea duniani chini ya jina la mtu mwingine. Mafundi wa leo na wayashike yote mawili.

Baada ya misafara ilikuja reli. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907. Ukapita Kilosa na kufika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Reli ile ilikuwa ya njia moja, na magari mawili yakikutana ana kwa ana baina ya stesheni mbili, ni msiba. Kwa hiyo dreva hakuruhusiwa kuondoka ila kwa idhini ya mkuu wa stesheni, na saa ya kuondoka na ya kufika ziliandikwa katika daftari. Hapo kuandika hakukuwa pambo la ufundi, kulikuwa ni ufundi wenyewe. Tena kulikuwa ngazi ya cheo: mwenye kubeba mataruma alibaki njiani katika jua, na mwenye daftari alikaa ofisini. Kwa miaka mingi ya utawala wa kikoloni ngazi hiyo haikuwa wazi kwa wote. Waafrika wengi waliachwa katika kazi za mikono, na kazi za ukarani na usimamizi wa stesheni zilishikwa zaidi na watu waliotoka Bara Hindi. Wenye amri walijua vema kwamba kalamu ina cheo, na ndiyo sababu hawakuigawa kwa usawa.

Shirika lililoiendesha reli hiyo lilibadilika mara nyingi. Mwaka 1948 reli za Afrika Mashariki ziliunganishwa; mwaka 1977 zikagawanyika, na Tanzania ikaunda shirika lake; mwaka 2007 likaundwa lingine, na mwaka 2017 tena lingine. Katika kila badiliko watu walistaafu, walihama, au walifariki dunia. Fundi wa leo atakaye kujua ni kwa nini daraja fulani katika bonde la Mkondoa lilijengwa hivi na si vile, hawezi kumwuliza aliyelijenga. Na bonde hilo halina huruma: mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliharibu njia ya reli baina ya Kilosa na Gulwe, na maelfu ya watu wa Kilosa walipoteza makazi. Msiba wa namna hiyo ukitokea, mhandisi hutafuta kwanza karatasi: mto ulipanda kiasi gani zamani, tuta lilijengwa kwa kipimo gani, na ni nini kilichojaribiwa kikashindwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daraja ni mali.

Tuifuate sasa reli ndogo itokayo Kilosa, ipitayo Mikumi na kuishia Kidatu, penye mashamba ya miwa ya Kilombero. Huko Kidatu tawi hilo hukutana na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Zimekutana, lakini hazikuungana. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1000, na ile ya TAZARA milimita 1067. Tofauti ya milimita 67 haifiki upana wa kiganja, lakini yatosha kulizuia behewa lisipite. Shehena hutolewa katika behewa moja na kutiwa katika lingine.

Hali ya programu za kompyuta ni kama hiyo kabisa. Programu ya benki hupeleka habari kwa programu ya serikali, na ya hospitali kwa ile ya wizara. Na kila moja ina vipimo vyake. Aliyeitengeneza anavijua kwa mazoea. Mwingine hawezi kuvijua ila vikiandikwa: tarehe huandikwa namna gani, fedha huhesabiwa kwa shilingi au kwa senti, na jibu gani hurudi penye kosa. Kipimo kimoja kisichoandikwa chaweza kuwapotezea mafundi wa pande mbili wiki nzima. Yule atakayekaa chini akaviandika vyote kwa utaratibu hujulikana upesi katika nyumba zote mbili, kwa maana ndiye aliyewaokoa.

Mfano wa tatu u jirani na mji wa Kilosa, huko Ilonga, penye kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa mwaka 1943, kwanza kwa ajili ya pamba. Baadaye kituo hicho kilijulikana kwa mahindi. Mwaka 1983 zilitolewa nchini mbegu za Kito, Kilima na Staha, na mwaka 1987 TMV-1, iliyokusudiwa kuhimili ugonjwa wa milia. Kito hukomaa mapema, Kilima hufaa miinuko ya kati. Mkulima akipewa mbegu bila maelezo atapanda Kito mahali pa Kilima, naye atailaumu mbegu. Mbegu njema isiyo na maelezo ni kama programu njema isiyo na maelezo: ubora wake haufiki kwa mtumiaji. Katika kazi hiyo mtafiti aandikaye kwa wataalamu wenzake hupata jina kwao, na yule awezaye kuyageuza maneno hayo yakawa karatasi moja ya Kiswahili safi hupata heshima nyingine, pengine kubwa zaidi, kwa maana bila yeye utafiti ungebaki kabatini.

Barabara ipitayo Mikumi huendelea hadi Zambia, mpaka katika nchi ya migodi ya shaba. Huko Luanshya, mwaka 1951, alizaliwa W. Richard Stevens, mtoto wa Mmarekani aliyefanya kazi katika shughuli za shaba. Alipokua alikwenda Marekani akawa fundi wa kompyuta. Hakuibuni mifumo ya mtandao iliyompa sifa; ilibuniwa na wengine. Alichofanya ni kuieleza. Vitabu vyake vya 1990, 1992 na 1994 vilionyesha hatua kwa hatua jinsi kompyuta zinavyozungumza, kila neno likithibitishwa kwa majaribio aliyoyafanya mwenyewe. Alifariki mwaka 1999, na mafundi wa nchi nyingi bado hujifunza kwake. Vivyo hivyo, lugha ya kompyuta iitwayo C ilibuniwa na Dennis Ritchie. Lakini kitabu chake cha mwaka 1978 kiliandikwa na Brian Kernighan pamoja na Ritchie, na namna ile ya kwanza ya lugha hiyo ikaitwa kwa herufi za majina yao wawili. Kernighan aliingia katika jina hilo kwa mlango wa kalamu.

Turudi nyumbani. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya matatizo ya mfumo wa hesabu uliotegemea mno wataalamu wa kutoka nje, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Sababu za uamuzi huo zilikuwa zaidi ya moja. Lakini mashine isiyoeleweka na wenyeji ni mashine ya mgeni hata ikilipiwa na wenyeji. Hali imebadilika sana tangu hapo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa programu za ofisini kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice, nao ilibidi watafute neno la Kiswahili kwa kila amri ya mashine. Kazi yao yathibitisha kwamba lugha yetu yaweza kuubeba ufundi huu, akipatikana mtu wa kuandika.

Sasa tuijibu ile hofu. Fundi anayeficha siri ya kazi hujiona salama, kwa kuwa hakuna awezaye kushika mahali pake. Ni kweli, na kwa sababu hiyo hiyo hapandishwi cheo. Mkubwa wake humhitaji pale pale alipo, usiku na mchana, sikukuu na siku ya kazi. Aliyeandika aweza kumwachia mwingine kazi ya jana, akapewa kazi kubwa ya kesho. Tena wenye kuajiri hawaoni mikono ya fundi, na wengi wao hawawezi kusoma msimbo, yaani yale maagizo yaliyomo ndani ya programu. Lakini maelezo yenye mpango huweza kuyasoma, na kwa hayo huijua akili iliyo nyuma yake. Kijana wa Mikumi asiye na jamaa katika ofisi za Dar es Salaam aweza kutanguliwa na maandishi yake mahali ambapo mwenyewe hajafika.

Lakini na asome vizuri habari ya Mtoro. Kila aandikacho atie jina lake na tarehe, kwa maana ziko nyumba ambazo kazi ya mdogo hutoka kwa jina la mkubwa. Aandike aliyoyajaribu kwa mkono wake, si aliyoyasikia. Asifiche makosa, kwa kuwa anayefuata ataangukia shimo lile lile. Programu ikibadilika, maelezo nayo yabadilike siku hiyo hiyo. Maelezo yaliyopitwa na wakati hupoteza watu kuliko kukosa maelezo. Na akimaliza, ampe mtu asiyeijua kazi hiyo aifuate karatasi mbele yake, naye anyamaze. Pale msomaji atakapokwama, kosa ni la mwandishi.

Mikumi kina chuo cha ufundi stadi cha VETA, na Ilonga ina vyuo vya ualimu na kilimo. Ingefaa kila mwanafunzi anayejifunza kazi ya mkono au ya mashine katika vyuo kama hivyo, kabla ya kupewa cheti, aandike kurasa tano za Kiswahili zinazoeleza kitu kimoja alichokitengeneza, na mwenzake wa darasa lingine akitengeneze kwa kuzifuata kurasa hizo peke yake. Mtihani huo hauhitaji fedha nyingi. Wahitaji kalamu, na mwalimu asiyeona haya kuirudisha karatasi mara ya tatu.