Kuhesabu Mwendo: Kutoka Njia ya Kazeh hadi Kipanya cha Kompyuta

Misafara ya karne ya 19 kutoka Pwani ilipita Tura, Rubuga na Kigwa, katika nchi inayozunguka Igalula, kabla ya kuingia Kazeh, eneo la Tabora ya leo. Wapagazi wa Kinyamwezi waliipima njia kwa kambi: siku ngapi hadi majini, siku ngapi hadi sokoni. Kipimo hicho kilikuwa imara kuliko wageni walivyodhani, maana kila kambi ilijulikana, na kosa la jana liliishia jana.

Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke, waliofika Kazeh Novemba 1857, walitafuta ramani. Saa zao ziliharibika safarini, na bila saa ya kuaminika longitudo haipatikani kwa urahisi. Ikabidi wategemee dira na makadirio: tumetembea muda gani, kwa kasi gani, kuelekea wapi. Hesabu ya namna hii haikuambii uko wapi. Inakuambia umesogea kiasi gani tangu ulipokuwa. Kosa dogo la asubuhi huongezeka hadi jioni, mpaka upime nyota na kujisahihisha.

Kipanya nacho hufuata hesabu hiyohiyo. Cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 na Bill English, kwa wazo la Douglas Engelbart, huko California: kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili yaliyopishana kwa pembe mraba, moja likipima mwendo wa mbele na nyuma, jingine wa kushoto na kulia. Kisha ukaja mpira. Waliofanya kazi kwenye ofisi zenye vumbi wanakumbuka: mshale unakwama, unakipindua kipanya, unazungusha kifuniko, unatoa mpira, halafu unakwangua kwa ukucha utando mweusi ulioganda kwenye vigurudumu vya ndani.

Mwanga ndio uliomaliza adha hiyo. Vipanya vya mwanga vya miaka ya 1980 vilidai kibao maalumu chenye alama. Vile vilivyoenea kuanzia 1999 vina kamera ndogo mno, inayopiga picha za mikwaruzo ya meza, zaidi ya 1,000 kwa sekunde, na kulinganisha kila picha na iliyotangulia. Kwenye kioo kisafi hukwama, kwa kuwa hapana alama ya kushika.

Kigumu zaidi ni kupima mwendo hewani. Kazi hiyo hufanywa na kipima mchapuko: ndani yake mna kipande cha silikoni kinachoning'inia kwenye springi nyembamba kuliko unywele. Ukikitikisa, kinasogea, na umeme unabadilika. Lakini kupata umbali kutokana na mchapuko ni kujumlisha mara mbili, na kosa hukua upesi kuliko la Speke. Ndiyo maana rimoti ya mashine ya michezo ya Nintendo Wii, mwaka 2006, ilipewa pia kamera ya kutazama taa za infraredi zilizowekwa juu au chini ya televisheni, ipate mahali pa kujisahihishia. Mwaka 2009 ikaongezewa kifaa cha kupima mzunguko wa mkono.