Sewa Haji: Mali ya Misafara na Hospitali ya Dar es Salaam

Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, jijini Dar es Salaam, lipo jengo la wodi liitwalo Sewahaji, na jina hilo hutajwa kila siku na wauguzi, na vilevile na jamaa wanaofika na vyombo vya chakula wakiulizana mgonjwa wao amelazwa wapi, ingawa wengi wanaolitaja hawajui kwamba lilikuwa jina la mtu. Mwenye jina hilo ni Sewa Haji Paroo (1851–1897), mfanyabiashara wa jamii ya Makhoja wa Kiismailia, yaani Waislamu wafuasi wa Aga Khan ambao wazee wao walivuka bahari kutoka Kutch, magharibi mwa India, wakafungua maduka Unguja na kisha Mrima, kama unavyoitwa ukanda wa pwani ya bara unaokabiliana na kisiwa hicho.

Utajiri wake ulitoka Bagamoyo, bandari ilikoishia njia kuu ya misafara ya Unyamwezi na Ujiji. Kila aliyetaka kwenda bara alihitaji bidhaa za kubadilishana njiani, yaani merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba, na alihitaji pia watu wa kuzibeba. Sewa Haji aliziuza bidhaa hizo na kuwaajiri wabebaji. Wapagazi hao, wengi wao Wanyamwezi, walijitwisha mzigo wa frasila mbili hivi kila mmoja, frasila moja ikiwa karibu kilo 16, wakatembea nao kwa miezi, na ujira wao ukahesabiwa kwa doti, kipande cha nguo chenye urefu wa mikono minane. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, alipokuwa akijiandaa mwaka 1871 kwenda kumtafuta mmisionari na msafiri Livingstone, alielekezwa kwa kijana huyu aliyekuwa na umri wa miaka ishirini hivi, naye katika kitabu chake alimlalamikia kwa kurasa kadhaa kuwa alimpunja katika hesabu ya nguo na wapagazi. Malalamiko ya Stanley yanafaa kupokelewa kwa tahadhari, kwani hakuwa mtu wa kukubali kirahisi kwamba mwenyeji amemzidi katika biashara. Hata hivyo yanatosha kuonyesha kwamba mfadhili wa baadaye alikuwa kwanza mchuuzi hodari asiyeachia senti.

Sadaka zake zinazokumbukwa zaidi ni za miaka ya 1890, wakati watawala wa Kijerumani walikuwa wamekwisha kuuzima upinzani wa watu wa pwani ulioongozwa na Abushiri na, mwaka 1891, kuhamishia makao yao makuu Dar es Salaam. Huko Bagamoyo alitoa jengo la ghorofa liwe shule, kwa sharti kwamba watoto wapokelewe bila kubaguliwa kwa rangi wala asili, sharti ambalo chini ya serikali ya kikoloni halikuwa dogo. Aliwasaidia pia wagonjwa wa ukoma, ambao mara nyingi walitengwa na jamaa zao. Dar es Salaam alitoa fedha za kujengea hospitali iliyokuja kuitwa kwa jina lake. Alipofariki mwaka 1897, nyumba na viwanja vyake viliachwa chini ya usimamizi wa serikali ili mapato yake yawahudumie wagonjwa na maskini, mpango unaofanana sana na wakfu, yaani mali ambayo kwa sheria ya Kiislamu huzuiwa isiuzwe wala kurithiwa, na faida yake ikatumika kwa jambo la heri. Tofauti ni kwamba mwangalizi hapa hakuwa kadhi wala msikiti, bali dola ya kigeni, na uamuzi huo unamwonyesha Sewa Haji kuwa mtu aliyesoma upepo wa siasa kama alivyosoma bei ya pembe za ndovu.

Dola hiyo haikuifuata nia yake kikamilifu. Mwaka huohuo wa 1897 ilifunguliwa hospitali nyingine ufukweni, ambayo leo ni Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, na hiyo ilikuwa ya Wazungu, hali Hospitali ya Sewa Haji ikabaki ya Waafrika na Wahindi. Kwa njia hiyo zawadi ya mtu aliyekataa ubaguzi katika shule yake iliingizwa katika mji uliowapanga wagonjwa kwa rangi, na Waingereza walipoitwaa nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliuendeleza mpangilio huo kwa miongo kadhaa. Misafara yenyewe ilikuwa imekwisha, kwani reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Kigoma mwaka 1914, na Bagamoyo ikafifia pamoja na biashara iliyoijenga hospitali.

Mwaka 1956 huduma zilihamia katika hospitali mpya iliyoitwa Princess Margaret, kwa heshima ya mdogo wake Malkia wa Uingereza wa wakati huo, na baada ya uhuru jina hilo likaondolewa, mahali hapo pakaitwa Muhimbili. Jina la binti mfalme halikudumu hata miaka ishirini, lakini la mfanyabiashara wa Bagamoyo lilibaki juu ya wodi, jirani na jengo la Kibasila, jina la jumbe wa Wazaramo ambaye Wajerumani walimnyonga wakati wa Vita vya Maji Maji.