Sindano ya Shaba na Pini za Dhahabu: Oedipus, Liyongo na Uzito wa Kujua

Mwana anamuua baba yake. Athens ilikitazama kisa hicho jukwaani katika karne ya 5 kabla ya Kristo, katika tamthilia ya Sophocles ambayo Samuel Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Mfalme Edipode (1971). Upwa wa Lamu na Pate nao una kisa chake, katika Utenzi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913. Mara nyingi kazi hizi husomwa kama habari za majaaliwa: ajali haina kinga, na hapo mjadala umekwisha. Usomaji huo unawadhulumu wahusika. Kila mmoja wao alipata nafasi ya kujinusuru, akaiona, akaiacha ipite.

Tuanze Thebes. Tauni inaua watu, mifugo inakufa, mashamba hayazai. Kauli ya Apollo kutoka Delphi inasema mji hautapona mpaka muuaji wa mfalme Laius apatikane. Oedipus, aliyerithi kiti na mjane wa Laius, anaapa hadharani kumsaka. Hajui kwamba anajisaka mwenyewe. Lakini tuangalie Sophocles ameanzia wapi. Kumuua baba na kumwoa mama ni mambo yaliyokwisha kutendeka miaka mingi kabla ya pazia la kwanza. Kinachotendeka mbele ya watazamaji ni uchunguzi tu, na uchunguzi huo hakuna mungu anayemlazimisha kuumaliza.

Watu watatu wanamsihi auache. Tiresias, mwaguzi kipofu, anaomba arudishwe kwake bila kusema neno. Oedipus anamtukana na kumshuku kuwa msaliti. Jocasta, mkewe, anaung'amua ukweli kabla yake, anamwomba asiulize zaidi, kisha anaingia ndani kujinyonga. Wa mwisho ni mchungaji mzee, yule yule aliyepewa mtoto mchanga, Oedipus mwenyewe, aliyetobolewa vifundo vya miguu akamtupe mlima Cithaeron, naye akamwonea huruma. Mzee huyo analia kwamba amefika ukingoni mwa neno la kutisha. Oedipus anajibu kwamba naye yuko ukingoni mwa kulisikia, lakini lazima alisikie.

Hapo ndipo mgogoro wa kimaadili ulipo. Akinyamaza, ataokoa kiti, ndoa na jina lake, na mji utaendelea kuzika. Akiendelea, mji utapona naye ataangamia. Si mtakatifu: hasira ile ile iliyomfanya amuue Laius njia panda kwa ugomvi wa kupishana ndiyo inayomsukuma kumshutumu shemeji yake Creon bila ushahidi. Aristotle alimpenda mhusika wa namna hii, asiye mwema kupindukia wala mwovu, anayeanguka kwa kosa. Hata hivyo, linalomkamilishia anguko lake ndilo jema lake kubwa kuliko yote: hakubali kutawala juu ya uongo.

Twende Pate. Sultani anaogopa kwamba Liyongo, shujaa na mshairi asiyedhurika kwa mkuki wala mshale, atamnyang'anya ufalme. Vitanzi vyake vyote vimeshindwa, hata kifungo: Liyongo alikata minyororo kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate. Sultani anageukia damu ya Liyongo mwenyewe. Anamwahidi mwana wa Liyongo kumwoza binti wa kifalme endapo ataleta siri ya kifo cha baba yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwana anakwenda kuuliza, na hapa utenzi unafanya jambo zito. Liyongo anatambua kwamba mwanawe ametumwa na kwamba waliomtuma watamhadaa. Kisha anamwambia: ni sindano ya shaba, kitovuni. Angeweza kudanganya, angeweza kumfukuza. Lakini kumdanganya mwana ni kukiri kwamba ubaba wenyewe umekwisha, na hilo Liyongo hakubali. Anachagua kubaki baba, akijua bei yake. Mwana anapewa sindano, anarudi, anamchoma baba akiwa usingizini.

Tukizisimamisha kazi hizi pamoja tunaona zimepangwa kinyume. Kwa Oedipus, kujua huja mwisho na ndiko kunakoangamiza. Mwana alitenda bila kujua. Kwa Liyongo, kujua kunatangulia na hakuokoi. Baba na mwana wote wanajua. Sophocles anaiuliza hatia isiyo na nia: je, mtu abebe alilotenda bila kukusudia? Oedipus anajibu kwa mikono yake. Anazichomoa pini za dhahabu katika vazi la Jocasta na kujitoboa macho, akisisitiza kwamba pigo hilo amejipiga mwenyewe, hata kama Apollo ndiye aliyeyaleta mateso. Kijumwa anaiuliza imani isiyo na kinga: je, mtu aendelee kumtendea mwenziwe kama mwana, hata baada ya kuuona usaliti machoni pake?

Tofauti nyingine ni nani anayepewa jukwaa. Ugiriki inambakiza muuaji mbele yetu, kipofu na hai, akiwaombea binti zake ulinzi kwa Creon. Utenzi unambakiza aliyeuawa: Liyongo anafia kisimani amepiga goti, upinde mkononi, na watu wa mji, wakidhani yu hai, wanaogopa kuteka maji hadi mama yake anapokuja kumbembeleza. Mwana hapati mke aliyeahidiwa, na utenzi haumpi nafasi ya kujitetea. Hapo naona Sophocles amekwenda mbali zaidi, kwa kumsikiliza mkosaji mpaka mwisho. Kijumwa naye amemzidi kwa kutuonyesha ujasiri wa anayekosewa, jambo ambalo Laius, baba aliyetupa mtoto wake ili asiuawe naye, hakuwa nalo hata chembe.

Kwa hiyo mwalimu anayefundisha kazi hizi asiridhike na jibu la majaaliwa. Awaulize wanafunzi: njia nyingine aliyokuwa nayo Oedipus ilikuwa ipi, Liyongo ipi, na kama wangeipita, mji ungepoteza nini na mwana angepoteza nini? Wakilijibu swali hilo, watakuwa wameanza kuijua tanzia.