Hanksaiti ya Katwe na Chumvi Iliyokosekana West Nile

Miamba inayobeba mji wa Arua na nchi ya Koboko, katika eneo la West Nile kaskazini-magharibi mwa Uganda, ni miongoni mwa miamba mikongwe kabisa ya nchi hiyo. Sehemu yake kubwa ni naisi, yaani mwamba uliogeuzwa umbo kwa joto na mgandamizo chini sana ya uso wa dunia, na katika miaka ya 1960 wanajiolojia Hepworth na Macdonald, walipopanga historia ya kukunjwa kwake, waliyapa matukio mawili makubwa majina ya mahali hapo hapo: moja kutokana na mlima Wati ulioko Terego, jingine kutokana na Arua yenyewe. Matukio hayo hukadiriwa kuwa ya takriban miaka bilioni 2.9 na bilioni 2.6 iliyopita. Ukongwe huo ni hazina kwa elimu ya dunia nzima, lakini haukuwapa wenyeji chumvi ya kutia chunguni.

Chumvi nyingi huyeyuka majini, na ili zijikusanye zinahitaji bonde lisilo na njia ya kutokea maji. West Nile ni kinyume cha hali hiyo, kwa sababu mvua yake ni nyingi, na mito kama Enyau na Kochi huyachukua maji ya vilima pamoja na kila kilichoyeyuka ndani yake hadi Nile ya Albert, inayoyapeleka kaskazini. Ndiyo maana madini yanayozungumziwa hapa, ingawa ni ya Uganda, hayatarajiwi kupatikana Arua wala Koboko, bali hupatikana mbali kusini, katika ziwa la kasoko la Katwe, karibu na Ziwa Edward. Kasoko ni shimo linaloachwa na mlipuko wa volkeno, na lile la Katwe halina mto unaotoka, hivyo maji ya chemchemi za chumvi zilizo kandokando yake hubaki humo yakikaushwa na jua.

Madini hayo huitwa hanksaiti. Ni salfeti, yaani chumvi yenye salfa iliyoungana na oksijeni, lakini hayafanani na jasi, salfeti inayojulikana zaidi na watu kwa kazi za ujenzi. Katika kila fungu la hanksaiti mna sehemu 22 za sodiamu na sehemu moja tu ya potasiamu, zilizoshikana na salfeti tisa, kaboneti mbili na kloridi moja. Madini yanayokusanya salfeti, kaboneti na kloridi kwa pamoja ndani ya fuwele moja ni machache mno duniani, na huo ndio upekee wake hasa. Fuwele zake zina pande sita, hazina rangi au huwa za kijivu na manjano hafifu, ni laini kiasi cha kukwaruzwa kwa kisu, huyeyuka katika maji, zina ladha ya chumvi, na baadhi yake hung'aa manjano hafifu zikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, ambao jicho la mtu haliuoni.

Hanksaiti ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1885 kutoka Searles Lake, ziwa lililokauka katika jangwa la California, ikapewa jina la Henry Hanks, aliyekuwa mtaalamu wa kwanza wa madini wa jimbo hilo. Ziwa hilo hilo ndilo lililotoa jamaa yake, bakeiti, ambayo ni salfeti na kaboneti ya sodiamu isiyo na kloridi. Kwa upande wa Katwe, utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ambao baadhi ya waandishi wake walitoka Chuo Kikuu cha Makerere, ulionyesha kwamba chumvi ngumu ya ziwa hilo ni chumvi ya kawaida iliyochanganyika na hanksaiti, bakeiti na trona, yaani magadi, na kwamba mchanganyiko huo hubadilika sana hata kati ya vipande vinavyouzwa kama daraja moja.

Watu wa kaskazini hawakuwa na ziwa la namna hiyo. Katika sehemu nyingi za kaskazini mwa Uganda na Kongo ya jirani, mimea ilichomwa, majivu yakachujwa kwa maji, na maji hayo yakapikiwa mboga. Kilichokuwamo ndani yake kilikuwa zaidi potasiamu, ikiwa katika umbo la kaboneti, kloridi na salfeti, kinyume kabisa cha hanksaiti, ambayo ina sodiamu nyingi kuliko potasiamu. Chumvi ya sodiamu iliyokuwa karibu zaidi ilitoka Kibiro, kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Albert, ambako wanawake wa Bunyoro wamekuwa wakiichuja kutoka katika udongo kwa karne nyingi. Emin Pasha, aliyelitawala jimbo la Misri la Ekwatoria kutoka Wadelai katika West Nile, alifika Kibiro katika miaka ya 1880 na kuandika habari za kazi yao.

Utawala wa Emin ulipovunjika, historia ya West Nile ilifika hadi Katwe kwa njia ambayo haikumbukwi inavyostahili. Mvumbuzi Stanley, akimwondoa Emin kuelekea pwani, alipita Katwe mwaka 1889 na kulikuta ziwa likishikiliwa na askari wa Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Mwaka 1891 Lugard, ofisa wa kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alijenga ngome hapo, akaiita Fort George, kwa kuwa aliyeshika chumvi alishika biashara ya nchi nzima, kisha akaendelea hadi Kavalli, karibu na Ziwa Albert, kuwachukua askari wa Selim Bey, ofisa wa Emin, waliokuwa wamebaki kutoka Ekwatoria. Askari hao, ambao miongoni mwao walikuwamo wenye asili ya Kikakwa na Kilugbara, waliwekwa katika ngome za Toro, na wazao wao ndio Wanubi wa Uganda. Arua yenyewe iliingia Uganda mwaka 1914 tu, baada ya kupita mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji na kisha Sudan.

Baadaye, kiwanda cha kisasa kilichojengwa Katwe na kampuni ya Ujerumani Magharibi hakikudumu, kwa kuwa maji ya ziwa yaliyala mabomba yake muda mfupi baada ya kazi kuanza. Waliobaki na kazi ni wachimbaji wanaoingia ziwani kuvunja tabaka la chumvi kwa vyuma, na wenye mashamba ya chumvi ya ukingoni. Kwao hanksaiti ni uchafu unaoshusha bei, ingawa kwa mkemia ni akiba ya salfeti na potasiamu, vitu vinavyohitajika viwandani na katika mbolea, ambavyo vingeweza kutenganishwa kwa kuyakausha maji hatua kwa hatua, kila chumvi ikiganda kwa zamu yake kulingana na joto na ukolezi wa maji.